Buibui Hafuati Nzi

Imezoeleka katika vitabu vya biolojia, na zaidi katika vipindi vya televisheni kuhusu wanyama, kumchora buibui mtandaji kama mwenye duka hodari aliyekagua mtaa mzima kabla ya kupanga bidhaa zake: ametazama wadudu wanapita wapi, amelinganisha kona hii na ile, kisha amefungua biashara penye wateja wengi. Picha hiyo inapendeza kwa sababu inaafikiana na jambo ambalo karibu kila mtu amewahi kuliona, yaani kwamba taa ya barazani huzungukwa na tando, na taa hiyo hiyo huzungukwa na wadudu, basi akili huruka upesi kutoka kwenye kuonekana pamoja kwa vitu viwili hadi kwenye nia ya kimoja kukifuata kingine. Hakuna anayekana kwamba buibui asipokula hufa. Linalokanwa hapa ni kwamba wingi wa mawindo ndio unaomwelekeza mahali pa kutega. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne unaonyesha kwamba mahali hupatikana kwanza kwa upepo, kwa nguzo za kufungia nyuzi, kwa joto, kwa usalama na kwa ubavu wa majirani, na kwamba chakula huja nyuma kikiwa na kazi moja kubwa, nayo ni kumfanya buibui aondoke.

Maoni yanayopingwa hapa hayakuzaliwa kutokana na buibui. Mwaka 1966 Robert MacArthur na Eric Pianka, na katika mwaka huo huo John Merritt Emlen, walichapisha makala zilizoweka msingi wa nadharia ya utafutaji bora wa chakula, ambayo kwa ufupi inasema kwamba uteuzi wa asili umewafinyanga wanyama watafute chakula kwa namna inayowapa faida kubwa baada ya kuondoa gharama. Miaka kumi baadaye Eric Charnov aliongeza kanuni ya kuondoka: mnyama aliache eneo pale mapato yake yanaposhuka hadi kufikia wastani wa mapato ya mazingira yote. Kanuni hizo zinamfaa ndege adonoaye matunda, ambaye huuona mti ulio mbele, huurukia kwa gharama ndogo, na asipopendezwa huruka tena. Zilipohamishiwa kwa buibui hazikupunguzwa wala kushonwa upya zimwenee, ingawa yeye hana hata sharti moja kati ya hayo: haoni mbali, hahami kwa bei nafuu, na mtego wake haubebeki.

Inafaa kumtazama akiwa kazini. Buibui wengi wasukao tando za duara wana macho manane na bado huona vibaya, kwa kuwa dunia yao ni dunia ya mtetemo unaopita kwenye nyuzi na kupokewa na miguu. Jua linapozama, jike hujitokeza kwenye ncha ya tawi, huinua tumbo na kuachia uzi mwembamba mno ambao upepo huuchukua, kisha hungoja. Uzi usiponasa popote, huukunja na kuachia mwingine. Ukinasa, huuvuta kidogo kupima kama umeshika, kisha huuvuka akiukata mbele yake na kuuacha mwingine imara nyuma yake, na huo ndio uzi wa daraja ambao utando wote utaning'inia kwao. Kutoka katikati ya daraja hujishusha akiburuta uzi hadi nyuzi tatu zifanye umbo la herufi Y, na pale zinapokutana ndipo pawapo kitovu cha utando. Hufuata mihimili inayotoka kitovuni kama njiti za gurudumu la baiskeli, kisha mzunguko wa muda wa kukanyagia, na mwisho kabisa mzunguko wa uzi wenye matone ya ulimbo, ambao huuweka akitoka nje kuelekea ndani huku akiuondoa ule wa muda. Kazi yote hiyo hufanyika kabla mdudu wa kwanza hajagusa uzi, kwa hiyo taarifa ya kwanza ya uhakika ambayo buibui huipata juu ya mapato ya mahali pale humfikia akiwa ameshalipa gharama yote ya ujenzi.

Upepo, basi, ndio dalali wa kwanza. Kule Madagaska, ambako spishi iitwayo Caerostris darwini ilielezwa kisayansi mwaka 2010, nyuzi za daraja huvuka mito na kufikia urefu wa meta 25, na utando unaotundikwa hapo huweza kuwa na eneo la karibu meta 2.8 za mraba. Anayetaka kuamini kwamba buibui huyo aliwahesabu wadudu wa katikati ya mto kabla ya kuachia uzi ana wajibu wa kueleza aliwahesabu kwa kiungo gani.

Watetezi wa maoni yaliyozoeleka wana jibu, nalo si dhaifu. Mwaka 1964 mtaalamu wa Kanada, A. L. Turnbull, akichunguza buibui wa majumbani ajulikanaye leo kwa jina la Parasteatoda tepidariorum, alionyesha kwamba buibui waliokosa mawindo waliyahama maeneo yao na waliopata walibaki, hivyo baada ya muda wengi wakajikuta penye chakula. Matokeo kama hayo yamerudiwa kwa spishi nyingine, na kuyapuuza kungekuwa kujifumba macho. Lakini kilichopimwa hapo ni kuondoka. Buibui wa Turnbull hakuteua penye nzi. Aliacha pasipo na nzi, akaangukia kwingine bila kujua, akaacha tena, na palipomlisha ndipo alipokwama. Mtafiti anayefika siku ya mwisho na daftari lake hukuta tando nyingi penye mawindo mengi, akaandika kwamba buibui "wamependelea" mahali hapo, kumbe amehesabu tu waliobaki. Mvuvi wa dema naye hulihamisha dema linalotoka tupu, ila yeye anaujua mwamba, anazijua bamvua na maji mafu, na ameambiwa na wazee wake samaki gani hupita wapi. Kumfananisha buibui na mvuvi huyo ni kumpa maarifa asiyoyaonyesha popote.

Hata kanuni hiyo ya kuondoka haisimami wima kama inavyodhaniwa. Mwaka 1987 Rosemary Gillespie na Thomas Caraco waliandika kuhusu Tetragnatha elongata, buibui mwembamba mwenye miguu mirefu anayetanda juu ya maji, wakilinganisha jamii iliyoishi kwenye kijito chenye wadudu tele na nyingine iliyoishi ziwani ambako wadudu walikuwa haba. Kwa hesabu ya mwenye duka, wa kijitoni wangetulia na wa ziwani wangehangaika. Ilikuwa kinyume: waliokuwa kwenye neema ndio waliohamahama, na waliokuwa kwenye uhaba ndio walioganda mahali pamoja. Kwa haki yao, watafiti hao walikuwa na maelezo yaliyotungwa mapema, kwamba penye wastani mzuri kuhama mara kwa mara humpa mnyama mapato yasiyoyumba, ilhali penye wastani mbaya ni heri kubaki na kuiombea bahati, kwa sababu wastani wenyewe haumtoshi kuishi. Maelezo hayo ni ya werevu na huenda ni ya kweli, lakini yanauvunja msemo rahisi kwamba njaa huhamisha na shibe hutuliza, nao ndio msemo ambao vitabu vya shule vinaendelea kuufundisha.

Pigo zito zaidi lilitoka jangwani. Susan Riechert alitumia miaka mingi akimchunguza Agelenopsis aperta katika nyika kavu na maeneo ya mawe ya volkano ya New Mexico, Marekani. Buibui huyo hasuki duara; hutanda shuka bapa isiyo na ulimbo, yenye faneli upande mmoja inayoingia ufani au chini ya nyasi, naye hukaa mdomoni mwa faneli hiyo akiwa tayari kuchomoka mdudu akikanyaga shuka. Katika mazingira yale jua ni hakimu. Shuka iliyo wazi hupata joto kali kiasi kwamba mwenyewe hana budi kujichimbia ndani ya faneli, na asubuhi ya baridi kali hali ni hiyo hiyo, kwa hiyo saa za kuwinda katika siku hupungua au kuongezeka kulingana na kivuli, mawe yaliyo jirani na kina cha shimo. Mwaka 1975, pamoja na C. Richard Tracy, Riechert alikokotoa mizani ya joto la buibui kwenye maeneo mbalimbali na kuulinganisha mchango wa joto na mchango wa wingi wa mawindo katika mafanikio ya uzazi, na joto ndilo lililokuwa na uzito mkubwa zaidi. Sababu yake haihitaji hesabu kubwa: nzi elfu moja wanaopita saa ambayo mwindaji amejifungia ndani ni sawa na sifuri, na nzi wachache wanaopita saa zote akiwa mlangoni ni karamu.

Mtu aweza kusema kwamba hilo nalo ni chakula kwa jina jingine, kwa kuwa mwisho wa yote kivuli humletea buibui mlo. Hoja hiyo ikikubaliwa, kila kitu kitakuwa chakula kwa jina jingine, hata kuvuta pumzi, na nadharia isiyoweza kushindwa na lolote itakuwa haijasema lolote. Swali la kisayansi ni mnyama hujibu ishara gani, na huko jangwani ishara ni joto na umbo la ardhi. Tena Riechert aliona kwamba ukubwa wa eneo linalolindwa na kila jike haukuwa ukipungua chakula kilipoongezwa. Ulikuwa kipimo cha kurithi, kama kwamba umekatwa kwa ajili ya miaka ya ukame, na shibe ya msimu mmoja haikuubadilisha. Na mahali pazuri palipogombewa, mshindi hakuwa lazima aliyepagundua kwanza: wagombezi walipimana kwa kutikisa utando, na kwa kawaida mzito alimfukuza mwepesi, ilhali walipolingana mwenyeji ndiye aliyebaki. Kwa hiyo baadhi ya buibui wanaohesabiwa na mtafiti katika eneo lolote huenda wapo pale walipo kwa kuwa wamekosa pengine, na kuyaita makazi yao "uteuzi" ni sawa na kusema mpangaji aliyefukuzwa mjini ameteua pembezoni.

Ukitoka jangwani, joto huzipisha nguzo. Matthew Greenstone, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliolinganisha maeneo ya California na Costa Rica, aliuliza kinachoeleza wingi wa aina za buibui watandaji ni nini, mawindo au muundo wa mimea, yaani namna matawi, mashina na majani yanavyopangana kwa kimo. Muundo ndio ulioeleza, na mawindo hayakueleza. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi, lakini kwa buibui methali hiyo yafaa kupinduliwa, kwa sababu wao hujenga penye miti tu, na penye miti ya vimo vingi hujenga wengi wa namna nyingi. Shamba lililofyekwa likabaki tambarare laweza kujaa vidukari na panzi na lisiwe na utando hata mmoja wa duara, kwa kuwa hakuna pa kuufungia.

Usalama nao huipindua hesabu ya mwenye duka. Huko Veracruz, Mexico, huishi buibui wa kijamii aitwaye Metepeira incrassata, ambaye hufunga utando wake kwenye tando za wenzake hadi koloni zima likaning'inia kama chandarua kikubwa. Linda Rayor na George Uetz walionyesha mwaka 1990 kwamba buibui walio pembezoni mwa koloni hunasa mawindo zaidi kuliko walio katikati, na kwamba pembezoni huko huko ndiko maadui hushambulia zaidi. Majike wakubwa, wenye ubavu wa kukaa watakapo, wako katikati. Wameiacha meza iliyojaa wakaenda palipo salama kwao na kwa mayai yao, na wadogo ndio wanaobaki ukingoni na chakula kingi na hatari nyingi.

Imebaki taa, ambayo ndiyo ngome ya mwisho ya maoni yanayopingwa, na inastahili kushughulikiwa kwa utulivu. Katika jiji la Vienna, Austria, kuna daraja la waenda kwa miguu juu ya mfereji wa mto Danube, ambalo vishikio vyake vya mkono baadhi vina taa na baadhi havina. Astrid Heiling alimchunguza hapo buibui Larinioides sclopetarius, awindaye usiku, na kukuta kwamba vishikio vyenye taa vilijaa tando na pia vilinasa wadudu wengi zaidi. Kama utafiti ungeishia hapo, mwenye duka angekuwa ameshinda kesi. Heiling alikwenda mbele: aliwapima maabarani buibui waliolelewa humo, ambao hawakuwahi kuwinda chini ya taa maishani mwao, nao pia walikwenda kwenye mwanga. Katika makala yake ya mwaka 1999 alihitimisha kwamba mvuto huo ni wa kuzaliwa nao. Yaani buibui wa darajani haendi penye nzi. Anakwenda penye mwanga, na nzi wakiwapo wamekuja kwa safari yao wenyewe. Uteuzi wa asili ndio uliowahesabu nzi, kwa kuwaua katika vizazi vingi buibui waliokwenda gizani, na buibui mmoja mmoja amepokea amri tu bila daftari la hesabu.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwa sababu mnyama anayefuata ishara aliyorithi anaweza kudanganywa na ishara, ilhali anayepima mawindo hadanganyiki kirahisi. Aidha, ishara moja haina maana moja kwa wote. Mwaka 2018 Tomer Czaczkes na wenzake walichapisha majaribio juu ya Steatoda triangulosa, wakitumia buibui wa asili ya mjini na wa asili ya mashambani: wa mashambani walipendelea kujenga gizani, wa mjini hawakubagua giza na mwanga. Taa za barabarani zinawavuta wadudu mijini kila usiku, na hata hivyo kilichoonekana kwa buibui hao wa mjini hakikuwa kuukimbilia mwanga. Kilikuwa kuacha kuukimbia.

Gharama ya kuhama yahitaji maneno machache tu. Fritz Vollrath, aliyewafuatilia huko Panama buibui ambao wakati huo waliwekwa katika jenasi ya Nephila, alieleza mwaka 1985 kwamba safari kutoka utando mmoja hadi mwingine ni hatari kwa maisha, kwa sababu buibui aliye nje ya utando wake ni kiwete asiye na silaha. Anthony Janetos alikuwa ameonyesha mwaka 1982 kwamba wasukao duara, ambao wengi wao huula utando wa jana na kuitumia tena sehemu ya protini yake, huhama mara nyingi kuliko watandao shuka za gharama kubwa. Bei ya mtego, basi, ina sauti katika uamuzi wa kuhama kama ilivyo na sauti njaa. Afrika Mashariki ina mfano ulio wazi wa jambo hilo katika Cyrtophora citricola, aonekanaye kwenye mimea yenye majani magumu kama mikonge, ambaye utando wake hauna ulimbo, huchukua muda mrefu kujengwa, hukarabatiwa badala ya kufumuliwa, na kwa hiyo humfunga mwenyewe mahali pamoja kwa siku nyingi, nzi wawepo wasiwepo.

Na yule buibui mkubwa wa chini ya mapaa, Nephilingis cruentata, ambaye wengi humlaumu kwa kuchafua dari za vibaraza? Yeye huhitaji kitu kigumu cha kuegemeza kificho chake cha hariri, shina la mti au ukuta, na utando wake huanzia kwenye kificho hicho ukishuka chini, kitovu kikiwa juu karibu na maficho kuliko ilivyo kwa wengi wa duara. Paa la nyumba humpa ukuta wa kuegemea na kinga ya mvua. Wenye nyumba wanaozima taa wakidhani atahama wanakaa gizani bure, kwa kuwa ukuta bado upo.

Kuna sababu ya kung'ang'ania tofauti hizi ambayo inavuka mipaka ya maabara. Mkulima aliyeaminishwa kwamba buibui hufuata wadudu hungoja: atawaacha wadudu waongezeke akitumaini kwamba walinzi watakuja wenyewe, na wasipokuja atanunua dawa, ambayo itawaua hata wachache waliokuwapo. Mwaka 1990 Riechert na Leslie Bishop walichapisha matokeo ya majaribio katika bustani za mboga nchini Marekani, ambamo vipande vilivyowekewa matandazo ya nyasi vilipata buibui wengi zaidi, wadudu waharibifu wakapungua na mimea ikaliwa kidogo. Buibui walipoondolewa kwa makusudi, nafuu hiyo ilitoweka. Si buibui wote wa bustanini waliokuwa watandaji, na hilo lisemwe, lakini kilichowaleta wote kilikuwa kivuli, unyevu na mahali pa kujificha, yaani mambo yale yale yaliyokuwa yakitawala kwenye mawe ya New Mexico. Kiswahili kimewahi kuyaweka mambo hayo mawili karibu kuliko vitabu vya ikolojia, kwani utando na matandazo yametokana na shina moja la kutanda. Mwenye tuta la mchicha au sukuma wiki atakayetaka msaada wa buibui msimu huu asianze kwa kuhesabu vidukari. Atandaze nyasi kavu kati ya mistari, aache vijiti na magugu marefu machache yamesimama ukingoni, na asinyunyize dawa.